Ng'ombe chotara amehimilishwa mara tatu na hajashika mimba: tatizo ni kizazi, lishe au fukuto la pwani?

MfugajiMuheza, 16 Mei

Ndugu wafugaji, salaam. Ninafuga ng'ombe mmoja chotara wa Friesian kwa kumlisha bandani, katika tambarare ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Alizaa ndama wake wa tatu tarehe 3 Oktoba, na kondo la nyuma lilichelewa kutoka kwa muda wa siku moja na nusu. Amehimilishwa, yaani kuwekewa mbegu za dume kwa mrija, tarehe 14 Januari, kisha tarehe 5 Februari, kisha tarehe 20 Machi. Kila mara mhimilishaji hutoka mjini kwa pikipiki, na kwa kuwa nampigia simu jioni baada ya kutoka shambani, hufika kesho yake mchana. Tarehe 12 Aprili niliona damu kidogo imegandia kwenye mkia, nikadhani kwamba mimba imetoka, na tangu siku hiyo sijaona dalili yoyote ya joto, yaani ya kutaka kupandwa.

Maziwa yameshuka kutoka lita 9 hadi lita 6 kwa siku. Anakula majani ya tembo kadiri anavyoweza, kilo 3 za pumba za mahindi, na mashudu ya nazi yanapopatikana. Jirani mmoja ananishauri nimpeleke kwa dume lake, na mwingine anasema huyu ameshakuwa tasa, nimuuze kwa wachinjaji angali na nyama. Naomba mawazo ya wenye uzoefu kabla sijaamua.

Mhimilishaji_Tanga

Ndugu, usimuuze. Tarehe ulizoandika zinaeleza mengi kuliko unavyodhani, kwa hiyo chukua kalenda tuhesabu pamoja.

Ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, yaani kati ya siku 18 na 24. Kutoka tarehe 14 Januari hadi tarehe 5 Februari ni siku 22, kwa hiyo mzunguko wake ni mzima. Kutoka tarehe 5 Februari hadi tarehe 20 Machi ni siku 43, ambazo ni mizunguko miwili, na maana iliyo karibu zaidi ni kwamba kuna joto la mwisho wa Februari lililopita bila wewe kuliona. Ile damu ya tarehe 12 Aprili sidhani kuwa ilikuwa mimba iliyotoka. Ng'ombe wengi hutoa damu kidogo siku moja hadi tatu baada ya joto kwisha, awe amepandishwa au hakupandishwa. Alikuwa kwenye joto tarehe 10 au 11, siku 21 hivi baada ya kuhimilishwa, nawe uliona mabaki. Ukihesabu kuanzia hapo, joto lililofuata lilikuwa mwanzoni mwa Mei, na linalokuja litaangukia tarehe 22 au 23 mwezi huu.

Sababu ya kutoliona ni kwamba ng'ombe wako yuko peke yake na amefungwa. Dalili ya uhakika kuliko zote ni kusimama tuli anapopandwa na mwenzake, na yeye hana mwenzake. Utabaki na dalili ndogo: ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai, kulia bila sababu, kukosa utulivu, na maziwa kupungua ghafla kwa siku moja. Isitoshe, katika hari ya pwani joto la ng'ombe huwa fupi, hata chini ya muda wa saa 12, na mara nyingi huanza usiku hewa inapopoa kidogo. Wewe unaingia bandani alfajiri kukamua ukiwa na usingizi, huku ute umeshakanyagwa kwenye samadi.

Kuhusu muda, kanuni tunayofundishwa ni kwamba anayeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo hiyo, na anayeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Ukimwona asubuhi, ukapiga simu jioni, nami nikafika kesho yake mchana, ninaweka mbegu wakati yai limeshapoteza nguvu. Lawama nyingine ni yetu wahimilishaji, na sitaificha: mtungi wa mbegu ukipungukiwa na naitrojeni ya maji inayozigandisha, au mrija wenye mbegu ukikaa nje kwa muda mrefu, mbegu hufa na mfugaji hawezi kujua. Una haki ya kuuliza mtungi umejazwa lini, na kutazama kama mrija unayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kipimajoto au unasuguliwa tu kwenye viganja.

MamaNdama_Pongwe

Kaka yangu, aliyotangulia kusema mhimilishaji ni kweli, lakini mimi naona tatizo lingine kwenye hori. Umeandika "majani ya tembo kadiri anavyoweza", nami niliwahi kujidanganya kwa maneno hayo hayo kwa miaka miwili.

Wakati wa masika majani ya tembo ni maji yaliyosimama wima. Siku moja nilikata kilo 10 asubuhi baada ya mvua, nikayakatakata, nikayaanika juu ya bati kwa siku tatu za jua mpaka yakawa yanavunjika mkononi, kisha nikayapima tena. Zilibaki kilo mbili kasoro. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kiasi cha kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, na kwa majani kama yale angelazimika kumeza zaidi ya kilo 60 mabichi, jambo ambalo tumbo halimruhusu, hasa kwenye fukuto linalompotezea hamu ya kula. Anashiba kwa macho yako, lakini mwili wake una njaa, na mwili wenye njaa hutoa maziwa kwanza kwa kula mafuta yake wenyewe, kisha hufunga kizazi au hushindwa kutunza mimba changa. Mtazame mbavu na mifupa ya nyonga. Ikiwa mbavu unazihesabu ukiwa umesimama mbali, ndilo jibu.

Yakate yakiwa na urefu wa mita moja hivi, kwa sababu yakikomaa hubaki mashina yasiyo na protini. Yakate jana yake, uyaache yanyauke chini ya kivuli kabla ya kumpa. Ongeza majani ya jamii ya mikunde. Mimi natumia glirisidia niliyoipanda kuwa uzio, ambayo kwanza ng'ombe huisusa kwa harufu yake mpaka inyauke, pamoja na lukina, ila lukina isizidi theluthi moja ya malisho kwa kuwa ina sumu yake. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na chokaa kidogo sana, kwa hiyo bila jiwe la madini unamlisha upande mmoja.

Mashudu ya nazi ni mazuri, lakini yanuse kabla ya kumpa. Kwenye unyevu wa huku kwetu huota ukungu ndani ya gunia huku juu yanaonekana salama, na sumukuvu haiishii kwa ng'ombe, bali hupita kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Gunia likae juu ya chaga, mbali na ukuta, na lisikae mwezi mzima.

Usimlishe mchana wa jua kali. Mpe sehemu kubwa ya majani jioni, kwa kuwa usiku ndipo hula vizuri, na maji yawepo saa zote. Anayekamuliwa kwenye hari hii anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku. Kama banda lako lina bati lililo karibu na mgongo wake, liinue au tandika makuti juu yake. Watu humwagia ng'ombe maji wakidhani wanampoza, lakini kama upepo haupiti, unyevu huo humzidishia fukuto tu.

Mfugaji_Unguja

Ndugu zangu, huku Unguja tunapata shida hiyo hiyo kuanzia Desemba hadi Machi, kabla ya mvua za masika. Wengi wetu tumeacha kuhimilisha chotara wenye damu nyingi ya Friesian kwenye miezi hiyo, kwa sababu mimba changa ya siku za mwanzo huharibika mwili wa mama unapochemka, nasi tunasubiri hewa ipoe. Chotara wa Jersey huvumilia kidogo zaidi. Nakumbusha pia kwamba kwetu mbung'o walimalizwa mwaka 1997 kwa kuachia madume tasa waliozalishwa huko kwenu Tanga, lakini bara bado wapo, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, hukondesha ng'ombe na kuharibu mimba polepole. Kama uko upande wa kuelekea Saadani, damu ipimwe.

Mimi ningemchoma sindano ya homoni ya kuleta joto ili tarehe ijulikane, kuliko kukesha.

DaktariWaMifugo_Pwani

Naomba niingilie hapo kwenye sindano. Homoni inayotumiwa zaidi hufanya kazi kwa kuyeyusha ule mwili wa njano, yaani kivimbe kinachobaki baada ya yai kutoka, ulioko kwenye kokwa la ng'ombe, kiungo kinachotoa mayai. Kama haupo, kwa mfano kwa ng'ombe aliyekonda mpaka kokwa zimelala, sindano ni fedha iliyotupwa. Na kama ng'ombe ana mimba usiyoijua, utaitoa kwa mkono wako. Asichomwe kabla mtu mwenye ujuzi hajampima kizazi kwa mkono.

Upimaji huo anauhitaji kwa sababu nyingine pia, ambayo wachangiaji wameipita. Kondo lililochelewa siku moja na nusu huacha uchafu kwenye mfuko wa uzazi, na uvimbe unaofuata unaweza kudumu kwa miezi bila homa wala harufu. Siku ya joto ukusanye ute kwenye kiganja safi uutazame juani. Ukiwa mwangavu kama kioo, vema. Ukiwa na nyuzi nyeupe au vipande vya usaha, asihimilishwe siku hiyo, atibiwe kwanza.

Kuhusu dume la jirani, siwezi kukubaliana nalo. Dume linalopanda kijiji kizima hubeba maradhi ya kizazi bila lenyewe kuugua. Vilevile mwombe afisa mifugo achukue damu kwa ajili ya kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba, kwa kuwa kondo kuchelewa ni mojawapo ya dalili zake na binadamu huupata. Mpaka majibu yatoke, chemsha maziwa yote, na usishike kondo wala kitoto kilichotupwa bila mifuko ya mikononi.

MfugajiMuheza, 2 Juni

Nawashukuru nyote, na naona ni haki nilete mrejesho. Daktari alimpima tarehe 19 Mei, akasema hana mimba, kokwa zinafanya kazi na mfuko wa uzazi umerudi katika hali yake. Damu imechukuliwa na majibu bado. Usiku wa tarehe 22 nililala kwenye kibanda cha majani kilicho jirani na banda. Saa tisa usiku nilisikia analia, nikamulika tochi, nikakuta uzi wa ute umening'inia mpaka kwenye magoti ya nyuma, mwangavu kabisa. Kulipopambazuka hakuwa na dalili hata moja. Ningeingia saa kumi na moja na nusu kama kawaida yangu, nisingejua lolote. Nilimpigia mhimilishaji alfajiri, akafika saa saba mchana.

Mbavu zilikuwa zinahesabika, dada wa Pongwe, kama ulivyohisi. Sasa nanyausha majani na nimeweka jiwe la madini. Tarehe 12 na 13 Juni nitakesha tena. Nimechomeka pia vijiti 40 vya glirisidia kwenye mpaka wa shamba, naomba kujua nianze kuvikata baada ya muda gani.

MamaNdama_Pongwe

Viache vifikie mwaka mmoja, kaka, ukivikata mapema mizizi itakuwa haijashika. Baada ya hapo kata kwenye urefu wa kiuno kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa sasa omba matawi kwa jirani mwenye dume, huenda hajui kwamba uzio wake ni chakula.