Mrejesho: Instamatic ya babu imepiga picha

Wakuu, niliuliza nitapata wapi mkanda wa 126 (filamu ya zamani ya kasha la plastiki) wa kamera ya babu, Kodak Instamatic. Dukani hakuna, Kodak waliacha kuutengeneza 1999. Nikabandua kasha tupu la zamani kwa kisu, taratibu, nikajifungia chooni usiku ili mwanga usiunguze filamu, taulo chini ya mlango (joto la Tanga mnalijua, jasho mpaka kwenye nyusi), nikaviringisha ndani mkanda wa kawaida wa milimita 35. Upana ni uleule. Kidirisha cha nyuma ya kamera nimekiziba kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, mwanga usiingie.

Kasheshe ni matundu ya ukingoni mwa mkanda: wa 126 una moja kwa kila picha, huu umejaa, na kamera husimama ikikuta tundu, hivyo inakwama mapema. Naziba lenzi kwa kiganja, nafyatua ili ifunguke, navuta mkanda, mara kadhaa, ndipo napiga.

Picha za ufukweni Raskazone zimetoka, matundu yakionekana ukingoni. Bibi anasema bahari imeshonwa.