Ile mashua ya Matondoni, tuinunue?

Omari: Assalaam alaykum. Ami Bakari, Mjomba Twalib, shikamoni. Kuna mashua ya zamani kule Matondoni, Lamu, inauzwa. Urefu mita 9, mbao ni mbambakofi, tanga lipo na foromali yake, ule mti wa kubeba tanga. Imekaa juu pwani tangu upepo wa kaskazi uishe. Mwenyewe ameipaka rangi juzi, picha hizo hapo.

Ami Bakari: Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Rangi mpya kwenye chombo cha kuuza usiiangalie kabisa. Nenda na nyundo ndogo na msumari mrefu. Gonga ubao mmoja mmoja kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Ubao mzima unalia, uliooza unajibu kwa sauti bubu. Ukisikia bubu, dunga. Msumari ukiingia kwa nguvu ya mkono tu, ubao huo hesabu umekwisha.

Mjomba Twalib: Na ukwangue deheni, ule mpako wa chini, karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa unaobeba chombo. Mdudu wa baharini huingia kwa tundu dogo kama kichwa cha pini, halafu ndani anachimba njia ya upana wa kidole. Kwa nje ubao unaonekana mzima.

Dada Zuhura: Kwani si imekaa juu miezi yote hiyo? Mdudu si amekufa?

Mjomba Twalib: Amekufa ndiyo, lakini njia alizochimba zimebaki, na nguvu ya ubao imekwenda nazo.

Ami Bakari: Kukaa juu nako kuna ubaya wake. Maji ya chumvi huleta mdudu, maji ya mvua huleta uozo. Mashua iliyopigwa na masika bila kufunikwa, ingia ndani uangalie ngama, pale chini kabisa yanapokusanyika maji. Inua mbao za sakafu, pitisha mkono pale mataruma, zile mbavu za chombo, yanapokutana na mkuku, na pale mlingoti unapokaa. Maji ya mvua hutulia hapo. Kisha tazama misumari. Mbao ikiwa nyeusi na laini kuzunguka kichwa cha msumari, chuma kimeliwa na kutu na kimeuharibu mti. Misumari miwili mitatu si neno. Ikiwa mstari mzima, mbao hazijashikwa na kitu.

Omari: Mwenyewe anasema akiivisha nje faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo, haitavuja tena.

Ami Bakari: Hapana, hapana. Mbao za zamani hutanuka zikilowa na kusinyaa zikikauka. Faiba haifuati. Itaachia, maji yataingia katikati yasipate pa kutokea, na chombo kitaozea ndani hamkioni. Simenti kwenye nyufa ni vilevile.

Mjomba Twalib: Ya kuvuja dawa yake ni kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba. Toa pamba kuukuu yote, sokota pamba mpya, iloweke mafuta ya nazi, ipigilie kwa chembeu, ile patasi ya kalafati. Ila Omari, hii imekauka, nyufa zimefunguka kuliko kawaida. Fundi akizijaza pomoni sasa, mbao zitakapotanuka majini zitasukumana na kung'oa misumari. Kwanza funikeni kwa magunia, mmwagie maji ya bahari asubuhi na jioni mpaka nyufa zirudi, ndipo mpige kalafati. Hata hivyo siku za mwanzo majini itavuja, awepo mtu wa kukumba maji usiku na mchana.

Dada Zuhura: Na baada ya hapo matunzo yake ni yapi? Msije mkanunua kisha ikawa ya kuangaliwa tu.

Ami Bakari: Swali zuri Zuhura, hapo ndipo pesa inapokwenda. Kila mwezi mmoja hadi miwili ipandishwe wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, ikwanguliwe, ichomwe chini kwa moto wa makuti kuua mdudu, ipakwe deheni mpya ya shahamu, yaani mafuta ya mnyama, na chokaa. Sehemu ya juu ya maji ipakwe sifa, yale mafuta ya samaki. Kamba za jarari, za kupandishia tanga, zibadilishwe zikianza kuchanika. Foromali ni miti miwili iliyofungwa pamoja, basi fungueni kamba hiyo kila mwaka, kwa sababu mti huoza chini ya fundo.

Mjomba Twalib: Kabla ya bei, vuteni uzi kando ya mkuku, ncha zote mbili kimo kimoja. Katikati mkuku ukiwa umepanda juu ya uzi vidole vitatu vinne, omo na tezi zimelegea. Ubao unabadilishwa, mkuku uliopinda ni kama kujenga upya. Hiyo tuiache.

Omari: Na makaratasi?

Dada Zuhura: Aonyeshe usajili wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, jina liwe lake. Kama ni la marehemu babake, warithi wote watie sahihi.

Ami Bakari: Nendeni mwezi ukiandama, siku ya pili au ya tatu. Maji yatakuwa yametoka kufikia saa nne asubuhi, mtaizunguka yote kwa miguu. Omari, beba chaki, kila ubao mbovu utie alama. Tutahesabu alama ndipo tuseme bei.

Omari: Sawa Ami. Nabeba na tochi ya ngama.