Nimekaa mezani, beji shingoni, bwana yule ananikabidhi kikombe nikamwongezee chai!

FarasiMweupe

Wakuu, salamu baadaye. Niko kwenye basi narudi Dar kutoka mashindano ya sataranji, simu ina asilimia kumi na moja, na nisipoandika sasa hivi nitapasuka humu ndani niwaloweshe abiria wote.

Yule bwana mnamjua. Simtaji, wala hana haja ya kutajwa. Kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka mshono unaweza kukata nyanya, kalamu tatu mfukoni, na kila mashindano lazima asimulie jinsi alivyotoa sare na bingwa fulani mwaka ambao wengi humu hatujazaliwa. Huyo huyo.

Raundi ya tano. Meza ya 14. Nimefika dakika ishirini kabla. Nimepanga kete, farasi wangu wote wawili wanatazama mbele, nimejaza karatasi ya hatua: jina langu, jina lake, tarehe. Beji iko shingoni, ina picha yangu, ina bendera, ina neno MCHEZAJI kwa herufi ambazo rubani angezisoma akiwa angani. Bwana anakuja. Ananitazama. Anatazama kikombe chake. Anakiweka KATIKATI YA UBAO, anasema, "Dada, huku chai imeisha. Sukari kidogo."

Katikati ya ubao, wakuu! Kikombe chenyewe kikubwa kama ndoo ya kuchotea maji!

Nikaganda. Yeye akamgeukia mwamuzi: "Mpinzani wangu hajafika, si uwashe saa ya gemu?" Mwamuzi akacheka. Huyo naye ana kesi yake, nitamrudia. Nikasema, mpinzani wako ndiye mimi. Mnadhani aliomba radhi? Alisema, "Aaa, basi tutacheza taratibu." Taratibu! Na kikombe hakukiondoa. Nilikiondoa MIMI. Kwa hiyo mwisho wa yote kikombe chake nilikibeba, si ndiyo? Kikaacha duara la chai palepale katikati, limegusa e4, d4, e5 na d5, vile vyumba vinne ambavyo mtu unalala unaviota. Saa tatu nzima natazama duara la chai ya mwanaume.

Na huyu ndiye kila hotuba ya ufunguzi anamtaja Phiona Mutesi, mtoto wa Katwe, Kampala, aliyefika hadi Olimpiadi ya sataranji ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010. Anamtaja kwa machozi kabisa. Sasa Phiona angekaa meza ya 14 angemwagiza nini? Andazi?

Wanawake hawajaanza kusafiri kwenda kucheza mchezo huu jana. Vera Menchik alichukua ubingwa wa dunia wa wanawake London mwaka 1927. Mwaka 1929 wakamwalika Carlsbad kucheza na wanaume watupu. Mmoja wao, Albert Becker, akatania kwamba atakayefungwa na Vera aingizwe kwenye klabu yenye jina la Vera Menchik. Aliyefungua daftari la wanachama ni Becker mwenyewe! Baadaye akaingia hadi Max Euwe, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Walimdharau, ndiyo, lakini hata katika dharau yao walijua huyu mama amekuja KUCHEZA. Sijasoma popote kwamba kuna aliyemkabidhi kikombe!

Asilimia nane. Semeni.

Mzee wa Kijiweni

Chai.

FarasiMweupe

Chai ndiyo, nimeshasema aliagiza chai.

Mzee wa Kijiweni

Hapana, hadithi yako ndiyo chai. Ya maziwa, imeungwa iliki.

Bodi ya Kwanza

Uzi bila picha ya kikombe haujakamilika. Nimevuta kiti.

KeteNyeusi

Nilikuwa meza ya 15, nathibitisha. Kikombe nilikiona kwa macho yangu. Ila mleta uzi tusidanganyane, kilikuwa kikombe cha bati cha kawaida, si ndoo. Na duara lilikuwa kwenye e4 na d4 tu, kule e5 halikufika.

FarasiMweupe

KeteNyeusi uliona na ukanyamaza! Ungesema neno moja tu pale! Moja!

KeteNyeusi

Saa yangu ilikuwa inatembea, dada.

Baba Watatu

Pole sana mdogo wangu, hiyo ni dharau ya wazi. Ila nimesoma mara mbili, mbona matokeo hujaandika?

FarasiMweupe

Matokeo si hoja hapa. Hoja ni kikombe.

Bodi ya Kwanza

Amefungwa huyo.

Mzee wa Kijiweni

Amefungwa na vyombo ameosha.

FarasiMweupe

Nilifungwa, ndiyo. Hatua ya 41, mwisho wa ngome kwa ngome, yaani tumebaki na ngome na askari tu, nami nikiwa na askari mmoja pungufu. Nimeandika, mmefurahi? Nilikuwa vizuri mpaka hatua ya 25. Lakini mtu akishakuambia kwamba hata kukaa hapo ulipokaa si kwako, unacheza gemu mbili kwa wakati mmoja: moja na kete, nyingine na lile neno "sukari kidogo" linalozunguka kichwani. Ningeshinda ningeweza kumrudishia kikombe chake mbele ya ukumbi wote. Sikushinda. Ndiyo maana niko kwenye basi naandika.

NgomeH8

Acheni kumcheka. Judit Polgár wa Hungary yalimkuta makubwa kuliko haya. Linares, Hispania, 1994, ana miaka 17, anacheza na Kasparov. Kasparov akasogeza farasi, akamwachia, akaona amekosea, akamrudisha na kumpeleka kwingine. Ukigusa umecheza, hata mtoto wa shule anajua. Kamera ikanasa vidole vimeshaachia kete. Judit hakusema kitu palepale, ametazamana na bingwa wa dunia, atamwambia nini? Na gemu akafungwa vilevile. Haya, mwaka 2002 pale Moscow akamfunga Kasparov huyo huyo, aliyekuwa akiwadharau wanawake hadharani kwenye mchezo huu. Miaka minane alisubiri.

FarasiMweupe

Ahsante NgomeH8. Miaka minane mimi nitamkuta yule bwana wapi? Sasa hivi tu anatembea na mkongojo wa mvule.

Jirani wa Nairobi

Nyinyi huko mnalia kikombe. Sisi mwaka 2023 hapa Nairobi, kwenye mashindano yetu ya kimataifa, tulipata mwanamume mzima kwenye kitengo cha wanawake! Kijana wa chuo wa miaka 25, amevaa buibui na nikabu na miwani, haongei na mtu. Akafunga wachezaji wazuri kweli. Waamuzi wakaanza kutazama viatu, wakatazama tena, mwisho wakamwita pembeni. Aliandika barua ya kuomba radhi, eti shida za pesa. Mama zetu walioshindwa raundi zile, nani aliwaombea radhi?

FarasiMweupe

Jirani, hilo ndilo linaniua kabisa. Yeye alijifunika kila kitu, akakaa kimya, na akaachwa acheze raundi baada ya raundi. Mimi nimekaa uso wazi, beji yenye picha yangu shingoni, nikapewa kikombe. Sasa nivae nini ili nionekane mchezaji? Kaunda suti?

Mzee wa Kijiweni

Vaa mkongojo.

HojaNzito

Tuseme ukweli jamani. Mnataka heshima sawa, lakini mna kitengo chenu na vyeo vyenu. Grandmasta wa wanawake anatakiwa afike reitingi, yaani pointi za kiwango, 2300, grandmasta kamili 2500. Mnatofautisha wenyewe, mkitofautishwa mnalia.

Malkia wa Magomeni

HojaNzito hebu tulia nikuelimishe. Hakuna kitengo cha wanaume. Kuna kitengo cha WAZI, anaingia yeyote. Judit hakuwahi hata siku moja kugombea ubingwa wa dunia wa wanawake. Alikaa timu ya wazi ya Hungary pamoja na wanaume, wakachukua fedha Olimpiadi ya 2002 Bled na tena 2014 Tromsø. Nona Gaprindashvili wa Georgia alipewa ugrandmasta kamili mwaka 1978, mama yako hajaolewa. Na Divya Deshmukh wa India je? Januari 2024 ametoka kucheza Wijk aan Zee, Uholanzi, akasema wazi kwamba watazamaji wanajadili nguo, nywele na lafudhi yake, gemu hawazioni. Julai 2025 akachukua Kombe la Dunia la wanawake pale Batumi akiwa na miaka 19, na ugrandmasta kamili juu yake. Halafu wewe reitingi yako ngapi?

HojaNzito

Mama yangu ameingiaje hapa?

Malkia wa Magomeni

Nimeuliza reitingi.

HojaNzito

Mimi nacheza drafti.

Bodi ya Kwanza

Hahaha, mtu wa drafti anatufundisha habari za grandmasta. Nimekojoa.

Mtu wa Drafti Asilia

Tafadhali drafti ipewe heshima yake. Kijiweni kwetu hakuna beji, hakuna chai, ukizubaa unaliwa kete tatu huku mwenzio anatafuna muwa. Wanasataranji mna maringo sana, mtu anasogeza askari mmoja anakwenda kutembea nje.

Simu Ilinilia

Naombeni na mimi niseme langu. Mashindano haya haya, raundi ya tatu, niko juu kwa ngome nzima. Simu yangu niliizima. NILIIZIMA. Kumbe kengele ya kuamsha inalia hata simu ikiwa imezimwa! Mwamuzi akaja, akasimamisha saa, gemu imekwisha, nimefungwa. Ngome nzima! Mwamuzi yule yule anayecheka watu wakiagizana chai. Kwenye kikombe anacheka, kwenye kengele anakumbuka kanuni.

FarasiMweupe

Umeona! Nilisema nitamrudia. Huyo mwamuzi kicheko chake bado nakisikia. Bwana anaweka kikombe katikati ya ubao wa mashindano ya kimataifa, kete zimepangwa, na aliyepewa kazi ya kulinda ubao huo anacheka!

Baba Watatu

Simu Ilinilia pole, ila kanuni ya simu ndivyo ilivyo, siku nyingine iache hotelini.

Simu Ilinilia

Hotelini gani? Mlango wa chumba ulifungwa kwa kamba ya kiatu! Tulilala wanne vitanda viwili na godoro moja chini. Ada ya kushiriki tumelipa kamili.

KeteNyeusi

Godoro ndilo lilikuwa zuri. Vitanda vilikuwa na kunguni wenye reitingi 2000.

Jirani wa Nairobi

Na ratiba je? Mimi raundi tisa nimepewa Waganda watano. Nimesafiri kilomita zote hizo kucheza na watu ninaokutana nao kila Pasaka.

NgomeH8

Afadhali wewe. Hou Yifan wa China, Gibraltar 2017, raundi kumi akapangiwa wanawake saba, na mashindano ni ya wazi. Raundi ya mwisho akachelewa karibu nusu saa, akacheza hatua tano, akakubali yaishe, akasimama akaondoka. Bingwa wa dunia wa wanawake wakati ule, huyo.

FarasiMweupe

Na mimi ningesimama. Bwana anaweka kikombe, nami nasimama, nakwenda zangu. Hilo nalijutia mpaka sasa. Badala yake nilikibeba. Nilikibeba kwa mikono miwili, wakuu, kisimwagike kwenye kete.

Malkia wa Magomeni

Usijute, dada. Ungesimama wangesema umekimbia. Ulikaa, ukacheza hatua 41.

Mtu wa Drafti Asilia

Swali la kweli: hiyo chai ilikuwa ya bure au mnanunua?

KeteNyeusi

Bure siku ya kwanza. Siku ya pili shilingi mia tano. Siku ya tatu chupa zikafichwa chini ya meza ya waamuzi.

Simu Ilinilia

Chini ya meza ya waamuzi! Mnaona sasa! Na maharage ya siku ya pili yaliingia maji mara tatu.

Bodi ya Kwanza

Yale hayakuwa maharage. Yalikuwa kumbukumbu ya maharage.

Baba Watatu

Wakuu, nitoke kidogo nje ya mada. Binti yangu wa darasa la tano ameanza kupenda huu mchezo. Saa ya kuchezea naipata wapi kwa bei ya kawaida?

KeteNyeusi

Kariakoo, ghorofa ya pili pale wanapouza vifaa vya michezo, karibu na jezi. Usikubali bei ya kwanza.

Mzee wa Kijiweni

Ya pili pia usikubali.

FarasiMweupe

Tumefika Chalinze, nimepata pa kuchaji. Jamani turudi kwenye kikombe. Mashindano yajayo ni miezi mitatu tu kuanzia sasa na yule bwana atakuwepo. Nataka kujua nani atasimama na mimi tuandike barua kwa waandaaji. Baba Watatu, binti yako atakapofika meza ya 14 unataka naye aongeze sukari?

Baba Watatu

Jina langu weka kwenye barua hiyo, mdogo wangu.

Malkia wa Magomeni

Na langu.

KeteNyeusi

Na langu. Safari hii nasema nilichokiona. Ila niandike kikombe cha bati, si ndoo.

Mtu wa Drafti Asilia

Hiyo saa ya Kariakoo inatumia betri au ya kuzungusha ufunguo?

KeteNyeusi

Zipo zote. Ya betri inakula mbili ndogo, na haziji nazo, unanunua mwenyewe.

Simu Ilinilia

Ina kengele?