Jino limemvimbisha kaka shingo nzima, naombeni ushauri

Mleta uzi (Tukuyu): Wakuu, shikamooni. Kaka yangu, miaka 38, gego la chini lilianza kumuuma wiki iliyopita. Duka la dawa walimpa amoksilini (antibiotiki) na diklofenaki (ya maumivu), maumivu yakapoa, akarudi kuchuma chai. Tangu juzi chini ya kidevu na shingo vimevimba, vigumu kama ubao. Mdomo unafunguka kidole kimoja tu, udenda unamtoka, anaongea kama mtu mwenye tonge la moto mdomoni. Leo anasema kifua kinambana. Mama anamkanda maji ya moto, jirani anataka tumtumbue. Tusubiri kukuche?

Tabibu wa Uyole: Ndugu yangu, ondokeni usiku huu huu. Hilo si jino tena. Usaha wa magego ya chini huingia chini ya ulimi na kuusukuma juu na nyuma mpaka njia ya hewa inafinyika, na mtu anaweza kukata pumzi mnamtazama. Hilo la kifua ndilo linanitisha zaidi: nyuma ya koo kuna uwazi unaoteremka mpaka kifuani, na usaha ukifika huko karibu na moyo, vidonge havifui dafu. Msimkande, msimtumbue. Msimlaze chali, akae wima. Asile wala kunywa, huenda akaingia chumba cha upasuaji. Hospitali ya wilaya wamwanzishie antibiotiki za mshipa, kisha ambulensi yenye oksijeni mpaka Rufaa ya Kanda Mbeya. Akipigwa CT skani (picha ya ndani ya mwili), ulizeni kama ni shingo pamoja na kifua; ya shingo peke yake inaweza kuuacha usaha wa chini. Ila pumzi kwanza, picha baadaye. Wakisema wanafungua shingo watoe usaha na kung'oa jino, msisite kusaini.

Mama Wawili: Wampime sukari! Mume wangu alivimba hivyo hivyo, ndipo tukajua ana kisukari. Alitobolewa koo apumue, siku 9 ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Yupo, analima.

Mzee wa Kiwira: Msikae kuchangishana hela kwanza. Tangulieni, wengine wachange nyuma.

Mleta uzi: Asanteni sana. Tuko hospitali ya wilaya, sukari imesoma 19, iko juu sana, dripu imeshaingia. Ambulensi inawashwa. Kaka amekaa wima, nimemshika bega, mama yuko mbele na dereva.

Tabibu wa Uyole: Mwangalie anavyopumua njia nzima. Akianza kukoroma au kuhangaika, mwambie muuguzi hapo hapo.