Mama kapewa elfu hamsini ili mdogo wangu aletwe Dar "kusomeshwa". Huu si usafirishaji haramu kweli?

WakalaMbezi:
Wakuu, naombeni mawazo, na naombeni haraka, maana safari yenyewe ni Jumamosi.

Nina kibanda cha uwakala Mbezi, karibu na stendi ya Magufuli. Kwetu ni Kilolo, Iringa. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 13, kamaliza mtihani wa darasa la saba Septemba hii. Juzi mama kanipigia kwa furaha. Kuna mama mmoja wanasali naye, kamwambia ana shoga yake huku Dar mwenye nyumba nzuri na kichanga kimoja tu. Mdogo wangu aje amsaidie "kazi ndogondogo", Januari ataanzishwa kidato cha kwanza hapahapa mjini. Mama kaachiwa elfu hamsini "ya sabuni".

Nikauliza, huyo shoga anakaa wapi? Hajui. Anaitwa nani? Mama Junior. Namba yake? Tutapewa mtoto akishafika. Nikasema subirini kwanza, mama akanijibu kwamba mwenye kutuma hela tangu Agosti yuko wapi. Hapo kanipata, sikuwa na la kusema.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba miezi hii kila siku naona mabinti wanashuka kwenye mabasi na mifuko yao ya shangazi kaja mkononi, wanapokelewa na mwanamke mmoja yuleyule. Wakati mwingine anakuja kutoa hela kwangu. Sikuwahi kufikiria chochote. Sasa nauliza: huu ni usafirishaji haramu wa binadamu, au ni dada wa kazi tu kama tulivyozoea? Sitaki kumzushia mtu wa kanisani kwetu.

Mzee_wa_Kimara:
Dogo unakuza mambo. Nusu ya watu waliosoma mjini walianzia kuosha vyombo vya watu. Hata mimi nilikaa kwa mjomba nikichota maji. Kijijini atakaa afanye nini, aolewe?

BintiManyoni:
Mzee wangu wa Kimara, shikamoo. Wewe ulikaa kwa mjomba. Baba yako alikuwa anajua mlango wa mjomba. Tofauti iko hapo.

Kaka Wakala, nikueleze yangu. Nilitolewa Manyoni nina miaka 12. Aliyenichukua tulimwita anti, ingawa hatukuwa na undugu naye hata wa kuombea chumvi. Kwenye basi alimwambia konda mimi ni mtoto wa dada yake. Tulipopita Dodoma akaninunulia soda na kuanza kunifundisha: ukiulizwa, una miaka 16, na umekuja kusalimia. Akanirudisha kama mwalimu, mara tatu nne, mpaka nikajibu bila kusita. Nilikuwa na furaha, nikidhani ni mambo ya mjini.

Nyumba ilikuwa Tabata. Naamka saa kumi alfajiri, nalala wenyewe wakishalala. Watoto watatu, mkubwa wao ananizidi umri, na sare zake nafua mimi. Shule? Niliambiwa muhula ujao, halafu muhula ujao. Mshahara ulikuwepo, sikatai, ila sikuwahi kuushika. Kila mwisho wa mwezi anti anakuja getini, anapewa bahasha, mimi nawaona dirishani huku napiga pasi. Nikiuliza naambiwa miezi ya kwanza ni ya nauli, inayofuata anakuwekea akiba.

Watu huniuliza kwa nini sikutoroka. Geti lilikuwa wazi, natumwa dukani kila siku. Lakini niliambiwa siku ya kwanza kabisa: baba yako ameshakula hela yetu, ukiondoka polisi watamfuata yeye. Kaka, ile elfu hamsini ya mama yako si ya sabuni. Ndiyo kufuli.

Aliyenitoa ni mjumbe wa mtaa. Tulikutana bombani, akaniuliza niko darasa la ngapi. Nikasema nina miaka 16. Akasema sijakuuliza miaka. Nikaanza kulia na ndoo kichwani.

Usipoteze muda kutafuta minyororo. Angalia nani anashika hela ya mtoto, na nani kamwambia mtoto adanganye.

MtendajiMstaafu:
Naongezea upande wa sheria, maana swali lilikuwa hilo.

Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haihitaji mpaka wala pasipoti. Kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea kwa lengo la kumnyonya ni kosa, hata kama ni kutoka Kilolo kuja Kinondoni. Na kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa yake au ya mzazi haimwokoi mtuhumiwa.

Pia Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, tena isiyomzuia kusoma, na usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi hairuhusiwi. Wa kwako ana 13. Hapo hakuna mjadala, hata Mama Junior angekuwa malaika. Na ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa tangu Januari 2016, hivyo anayekwambia "nitamlipia ada" mwulize ada ya shule gani.

Rudisheni hiyo hela mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, kwa maandishi. Msimtukane yule mama, inawezekana naye katumwa bila kujua mwisho wake. Mkiona anasumbua, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

WakalaMbezi:
Nimerudi, wakuu. Nilimtumia mama elfu hamsini usiku uleule, na nyingine kidogo ya kuniombea msamaha. Imerudishwa jana mbele ya mwenyekiti. Yule mama kakasirika, kasema Januari tusimfuate kumlilia sare. Sare nitashona, daftari nitanunua, nimeshapiga hesabu na kibanda kinaweza.

Nikaomba niongee na dogo. Nikamuuliza kama aliambiwa chochote cha kusema njiani. Akanyamaza. Kisha akasema: "Kaka, niliambiwa nina 16." Dada wa Manyoni, mwili ulinisisimka.

Leo asubuhi yule mwanamke wa stendi kaja kutoa hela. Pembeni yake mabinti wawili, mmoja kakumbatia shangazi kaja kama mtoto. Nikamwambia mtandao unasumbua, asubiri kidogo kwenye benchi. Nikaingia nyuma ya pazia, nikapiga 116.