Waandishi wa habari mbele ya kamati ya Eastland, 1955-56: mbona hawakutumia Marekebisho ya Tano?

mpenda_historia: Wakuu, naomba kueleweshwa. Waandishi wa New York Times waliitwa na kamati ndogo ya Seneta Eastland kuulizwa kama waliwahi kuwa wakomunisti. Marekebisho ya Tano ya katiba ya Marekani yanamruhusu mtu kukataa kujitia hatiani. Iweje Alden Whitman na Robert Shelton wakashikilia ya Kwanza, ya uhuru wa kusema, hadi wakashtakiwa?

karani_wa_zamani: Mkuu, ya Tano yalikukinga na jela, si na mwajiri. Melvin Barnet, mhariri wa gazeti hilohilo, aliyatumia Julai 1955 na kazi ikaota mbawa siku hiyohiyo. Tena yana mtego. Tangu kesi ya Rogers ya 1951, ukishakiri uanachama wako huwezi kuyatumia tena ukiulizwa ulikuwa na nani. Whitman alikubali kueleza ya kwake lakini akagoma kutaja wenzake. Kwa msimamo huo ya Tano yasingemfaa kitu.

hoja_kwa_hoja: Naongezea upande wa mahakama. Kulidharau Bunge, kosa waliloshtakiwa nalo, adhabu yake ilikuwa kifungo cha mwezi 1 hadi miezi 12, na faini ya dola 100 hadi 1,000. Mwaka 1959, kesi ya Barenblatt, majaji 5 kwa 4 waliona ya Kwanza hayazuii kamati kuuliza. Mawakili wakahamia kwenye makaratasi, na ndiko walikoshinda! Mwaka 1962 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu za Whitman na Shelton kwa sababu hati za mashtaka hazikutaja kamati ilikuwa inachunguza nini hasa. Samansi aliyopewa Shelton ilikuwa na jina la Willard Shelton, mtu mwingine kabisa. Aliposhtakiwa upya akashinda rufaa 1963: samansi ilitolewa na mwanasheria wa kamati bila wajumbe wenyewe kuamua.

mpenda_historia: Na asiye raia?

karani_wa_zamani: Huyo hata kesi ya jinai haikuhitajika. Cedric Belfrage, Mwingereza, mhariri wa National Guardian, alikataa kujibu maswali ya kamati 1953. Seneta McCarthy akataka afukuzwe nchini, watu wa uhamiaji wakamkamata na kumweka Ellis Island, kituo cha wahamiaji, na 1955 akaondoka. Uhamiaji ilikuwa njia ya mkato: hakuna baraza la wazee wa mahakama, na uthibitisho unaotakiwa ni mwepesi zaidi.