Pauni 29,000 za viza ya ndoa Uingereza: kwa nini pango la nyumba ya mume lihesabike na mshahara wake usihesabike?

Mleta mada (Leicester)

Wakuu, heshima kwenu. Katika vikundi vyetu huku Uingereza swali hili haliishi, na majibu mara nyingi ni "tafuta wakili". Wakili atakwambia sheria inasemaje. Mimi nataka tujadili kama sheria yenyewe ni ya haki.

Kwa asiyefuatilia: raia wa Uingereza, au mwenye ukaazi wa kudumu, akitaka kumleta mume au mke kutoka nje, lazima aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato. Utaratibu huu ulianza Julai 2012, Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kwa pauni 18,600, na palikuwa na nyongeza kwa kila mtoto anayeombewa viza. Desemba 2023 waziri wa wakati huo, James Cleverly, akatangaza kwamba kima kitapanda hadi 38,700. Watu wakapiga kelele, serikali ikaamua kupanda kwa ngazi. Ngazi ya kwanza, 29,000, ilianza 11 Aprili 2024, na nyongeza ya watoto ikafutwa. Chama cha Labour walipoingia madarakani Julai 2024 hawakupanda ngazi zilizobaki, lakini hawakushuka pia.

Sina ugomvi na kuulizwa nitamtunzaje mwenzangu. Wazazi wetu nao wanauliza. Ugomvi wangu ni jinsi wanavyopima. Mwombaji akiwa bado nje, mshahara unaohesabiwa ni wa aliyeko Uingereza peke yake.

Kuna dada hapa mjini namfahamu vizuri, anafanya kazi ya kea katika nyumba ya wazee na analipwa kwa saa. Kima cha chini cha mshahara kisheria kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Kwa saa 37 na nusu kwa wiki, mwaka mzima, kwa kima hicho alipata kama pauni 23,800. Ili afike 29,000 kwa malipo hayo alihitaji karibu saa 46 kila wiki, bila kuugua na bila wiki ya zamu chache. Mumewe ni muuguzi Tanga, ameajiriwa na halmashauri, ana cheti na uzoefu. Slipu zake za mshahara haziongezi hata pauni moja kwenye ombi lao. Lakini angekuwa na nyumba Chumbageni ameipangisha, na mkataba wa pango upo, na pesa zinaingia benki mwaka mzima, pango lile lingehesabika. Nyumba iko Tanga, mwenye nyumba yuko Tanga, na serikali ya Uingereza inaipokea. Mikono ya muuguzi haipokelewi.

Nani anaweza kunieleza mantiki ya hapo?

Baba Wawili (Milton Keynes)

Ndugu mleta mada, nitakueleza, na naomba usinione adui. Pango linaendelea kuingia hata mwenye nyumba akihamia Uingereza. Mshahara wa Tanga unakoma siku anapoacha kazi ili apande ndege. Waliotunga sheria wanaangalia pesa itakayokuwepo baada ya watu hawa kuanza kuishi pamoja hapa.

Mimi nilimleta mke wangu kwa njia hiyo hiyo. Mchana nilikuwa ghalani, wikendi naendesha gari la mizigo, na slipu za kazi zote mbili nilizipeleka. Ilikuwa ngumu, sitakudanganya. Lakini alipofika tulikuwa na chumba, godoro na akiba kidogo. Nimewaona waliokuja pesa hakuna, wamejibana chumba kimoja kwa shemeji, ndoa ikavunjika kabla ya mwaka. Mwenye viza ya ndoa haruhusiwi kuchukua misaada ya serikali. Sasa mdhamini akiwa hana kitu, huyo mgeni akikwama atashika wapi?

Halafu tuwe wakweli. Kwetu mwanamume haozeshwi mpaka aonekane ana uwezo. Mahari ni nini kama si kuulizwa "utaweza"? Uingereza nayo inauliza hivyo hivyo, kwa pauni.

Mleta mada

Baba Wawili, nashukuru kwa uungwana, na hoja ya mshahara kukoma naielewa. Lakini ifuate mpaka mwisho. Mwenye viza ya ndoa anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku anayoingia. Viza ya kwanza ni miezi 33, na akija kuiongeza, mshahara wake wa hapa unahesabika pamoja na wa mwenzake. Kwa hiyo sheria yenyewe inajua kwamba huyu mtu atafanya kazi. Wakati wa kumfungulia mlango inajifanya haijui, baada ya miezi 33 inakumbuka.

Kuhusu misaada: umesema mwenyewe kwamba haruhusiwi kuichukua. Na kabla hajaingia ameshalipa ada ya ombi, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,938, na tozo ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza hiyo inafika 3,105. Zaidi ya pauni 5,000 zimeshaingia serikalini kabla ya nauli. Mlipa kodi analindwa dhidi ya nini hasa?

Na kuhusu mahari, hapo umenigusa. Kwetu anapoulizwa "utaweza" hajibu peke yake. Baba mdogo yupo, shangazi yupo, watu wanachanga. Ukoo ukisema "tuko nyuma yake", neno hilo lina uzito. Huku mjomba wa yule dada yuko Muscat, ana duka, yuko tayari kuandika ahadi ya kumtumia pesa kila mwezi. Kwa njia ya kawaida ahadi hiyo haihesabiki. Marekani wanataka mdhamini afike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, ambayo kwa familia ya watu wawili mwaka 2025 ilikuwa dola 26,437, na akipungukiwa, mtu mwingine anayeishi kule anaruhusiwa kusaini kama mdhamini wa pili. Huo ndio utaratibu unaoelewa jinsi watu wanavyoishi.

Mpanga Karatasi (London)

Samahani kuingilia. Mimi si wakili, nasaidia watu kupanga nyaraka msikitini kwetu, na nimeona maombi mengi yakianguka kwa mambo madogo. Hayo ya mjomba yana njia, watu hawaijui.

Ahadi ya mjomba haihesabiki, lakini zawadi yake inahesabika. Akiwapa pesa iwe mali yao kabisa, si mkopo, ikae kwenye akaunti ya mke au mume kwa miezi 6 mfululizo bila kushuka chini ya kiasi kinachodaiwa, hiyo ni akiba halali. Hesabu yake iko hivi: pauni 16,000 za kwanza hazisaidii kitu. Juu ya hapo, chukua pengo la mshahara uzidishe kwa mbili na nusu. Mwenye mshahara wa 24,000 ana pengo la 5,000, mara mbili na nusu ni 12,500, jumlisha 16,000, anahitaji akiba ya 28,500. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500. Ndiyo, mmesoma sawasawa.

Akiba ya mume aliyeko Tanga nayo inafaa, ikiwa benki yake inasimamiwa kisheria. Na akiuza kiwanja kilichokuwa chake, pesa ya mauzo inaweza kupokelewa hata kama haijafikisha miezi 6 benki, mradi hati za umiliki na za mauzo zipo na tarehe zinasomana. Wengi wetu hapo ndipo tunapokwama: kiwanja kimenunuliwa kwa karatasi ya serikali ya mtaa, jina la babu, shahidi ameshafariki.

La slipu: kila slipu lazima ionekane na mwenzake kwenye stetimenti ya benki. Dada akilipwa 1,912.40 na stetimenti ikaonyesha 1,912.40 tarehe ile ile, vizuri. Mwajiri akigawa malipo, nusu benki nusu mkononi, ile ya mkononi ihesabu imepotea. Anayelipwa kwa saa, wanachukua wastani wa miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na ovataimu imo. Kama amebadilisha mwajiri ndani ya miezi hiyo, anaingia kundi jingine linalotazama miezi 12 nyuma. Nimemwona mtu amehama kazi kwa ajili ya nyongeza ndogo, akajichelewesha mwenyewe.

Na mleta mada, umesahau mawili. Kwanza, mdhamini anayepokea posho fulani za ulemavu, au ya kumlea mlemavu, hadaiwi 29,000. Anapimwa kwa kipimo chepesi zaidi cha kujitosheleza. Pili, kesi iliyojulikana kama MM (Lebanon), Februari 2017. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba kima chenyewe ni halali ingawa kinaumiza maelfu, lakini ikasema kanuni hazikuzingatia maslahi ya watoto inavyotakiwa, na ikagusa suala la vyanzo vingine vya pesa. Agosti mwaka huo kanuni zikabadilishwa. Sasa, pale ambapo kukataliwa kungeleta madhara makubwa mno yasiyo na haki, afisa anatakiwa kutazama hata ahadi ya ndugu na mapato ambayo mwombaji anatarajiwa kuyapata hapa. Ila anayepita kwa mlango huo anawekwa kwenye njia ya miaka 10 kufikia ukaazi, badala ya 5, na ada anazilipa kila anapoongeza viza.

Mama Kisauni (Mombasa)

Mimi ndiye huyo mnayemhesabu. Mume wangu ni raia wa kule, ni mpishi. Mtoto wetu ana pasipoti ya Uingereza, anaruhusiwa kuingia leo. Mimi mamake siruhusiwi. Sasa niwaulize wenye sheria: mtoto wa miaka mitatu aende na nani?

Mwaka 2015 Kamishna wa Watoto wa England alitoa ripoti kuhusu watoto wapatao 15,000 walioathiriwa na kanuni hizi, wakaitwa familia za Skype. Hiyo ni enzi ya 18,600. Wangu anamjua babake kwa WhatsApp. Akiona simu yoyote mezani anaibusu kioo. Baba Wawili, nakuheshimu, umepambana, lakini usiniambie hii ni mahari. Mahari yalishalipwa, nikah ikapita, mashahidi wapo.

Msafiri (Toronto)

Niongeze tu kutoka huku. Kanada haimdai raia kima cha kipato anapomdhamini mke au mume, isipokuwa katika hali chache, na Quebec wana taratibu zao. Anasaini dhamana ya kumtunza kwa miaka 3, na asipokuwa kwenye misaada ya jamii wala kufilisika, ombi linaendelea. Nchi haijazama.

Baba Wawili

Mama Kisauni, pole sana dada yangu. Neno la mahari naliondoa mbele yako.

Bado nasimama kwamba kima kiwepo. Nisichoweza kukitetea ni hii 29,000. Nilipoleta mke wangu ilikuwa 18,600, na mtu wa kima cha chini akijituma aliweza kufika. Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ilitoa ripoti Juni 2025, na hata yenyewe ilisema kati ya 23,000 na 25,000 familia ingeweza kujitegemea bila mdhamini kulazimika kupata zaidi ya kima cha chini. Kuhusu ile 38,700 walionya kwamba inaweza kugongana na sheria za kimataifa za haki za familia. Basi kifungwe hapo: anayefanya kazi muda wote kwa mshahara halali wa nchi, asiambiwe hatoshi kuwa mume au mke. Saa 37 na nusu zinatosha. Nchi haiwezi kumpangia mtu mshahara halali kisha imwambie ni mdogo mno kuwa na familia.

Ila la kutofautisha mikoa silikubali, nalo naliona linakuja. Kweli mshahara wa Leicester si wa London, lakini ukiweka vima tofauti watu watahama anwani kwenye karatasi. Kamati nayo ilishauri kibaki kimoja nchi nzima.

Mleta mada

Baba Wawili, hapo tumekutana karibu kabisa. Mimi nakubali kima cha saa 37 na nusu, na sitang'ang'ania mikoa. Naongeza jambo moja tu: mwombaji mwenye taaluma, au mwenye barua ya ajira kutoka kwa mwajiri wa Uingereza, mapato yake yahesabiwe tangu mwanzo, kwa kila mtu, bila kusubiri afisa aridhike kwamba madhara ni makubwa mno. Kanuni ya 2017 inaonyesha kwamba hesabu hiyo inawezekana kufanyika. Wanaifanya kwa wachache, kisha wanawatoza miaka 10.

Mama Kisauni, mtoto wako akiwa raia, kipengele alichokitaja Mpanga Karatasi ndicho cha kukitazama kwanza. Mwambie mumeo amtafute mshauri aliyesajiliwa, si wakala wa mtaani, na aanze kuweka slipu na stetimenti pamoja tangu mwezi huu.

Na yeyote hapa ambaye ombi lake limekubaliwa kwa kipengele hicho baada ya Aprili 2024, atueleze ni ushahidi gani aliouweka kuhusu mtoto: barua ya shule, ya daktari, au kumbukumbu za simu. Na je, ahadi ya ndugu aliyeko nje ya Uingereza ilipokelewa, au walitaka ndugu awe ndani?